Kitasa cha Nyumba ya Okello

Fundi Aloo alikuwa wa tatu kukataa. Adero alimkuta kwenye karakana yake pale Kombewa, ameinamia ubao, penseli nyuma ya sikio, na alipomweleza kwamba anataka kutiwa kitasa mlangoni, fundi hakuinua kichwa mara moja. Aliuliza mlango ni wa mbao au wa bati. Wa mbao. Aliuliza uko wapi. Adero akamwambia ni boma la akina Okello, lile lililo nyuma ya kanisa ukishuka kuelekea ziwani. Hapo ndipo Aloo alipoiweka randa yake chini.

"Okello aliyekuwa anaendesha lori la miwa Muhoroni?"

"Huyo."

"Pole sana, Mama." Akafikiri kidogo. "Na kuna shemeji ameshakurithi?"

Aliuliza kwa sauti ya chini, lakini karakana ilikuwa ndogo, na benchini walikaa wanaume wawili waliokuwa wakingojea kitanda chao kimalizwe. Wote wawili waligeuka kutazama barabara kwa pamoja, kana kwamba kuna kitu kimepita. Adero akasema hajarithiwa.

"Basi uniwie radhi," Aloo akasema. "Mimi nina bibi na watoto. Nikigonga msumari mmoja tu kwa nyumba yako, hiyo ni nyumba nimeingia. Hata nikisema nilikuwa kazini, nani atanisikiza? Ongea na shemeji zako wakufungie."

Alimfuata mpaka nje kumwambia kwamba mbao angemuuzia, hata kwa bei ya chini. Kuuza hakukuwa na shida.

* * *

Kitasa kilivunjwa mwezi wa pili, siku mwili wa Okello ulipoletwa. Adero alikuwa Muhoroni na ufunguo ulikuwa ndani ya mkoba wake. Waliobaki nyumbani walitaka kuondoa viti na kupanga mahali pa jeneza, na Calvince, mdogo wake marehemu, akasema mtu hawezi kufika kwake akakuta pamefungwa. Akauchukua mtaimbo. Nusu saa baadaye gari la maiti liliingia, na Adero akashuka na ufunguo wake mkobani akaukuta mlango unapigwapigwa na upepo. Siku hiyo hakuliona kuwa jambo. Nani huangalia kitasa siku kama hiyo.

Baada ya matanga watu walirudi kwao, na ndipo alipoanza kuujua ule mlango. Kwanza aliuegemezea meza. Meza ilikuwa nyepesi na sakafu ya saruji laini, mtu akisukuma kwa goti inateleza bila hata kupiga kelele. Akaweka gunia la mahindi. Gunia lilifaa sana mwezi wa tatu. Lakini yeye na watoto walikuwa wanalipunguza kila siku, na kufikia Pasaka alikuwa amekula karibu ulinzi wake wote. Halafu akagundua jembe. Alichimba kishimo kwenye saruji kwa ncha ya kisu, akasimamisha bapa la jembe humo na kuukaza mpini chini ya ule ubao wa katikati ya mlango. Jembe lilishika.

Shida ya jembe ni kwamba ni jembe. Siku ya palizi mama mkwe wake, Rosa, alikuja kuliazima, na mtu hawezi kumwambia mama mkwe kwamba jembe limelala. Lilikaa kwa Rosa siku tatu. Siku hizo Adero alipanga sufuria moja juu ya nyingine nyuma ya mlango, mfuniko juu kabisa, akalala kitandani akizisikiliza.

Mchana, alipokwenda sokoni kuuza omena, dagaa wa ziwani, alipitisha kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kwenye tundu lililoachwa na kitasa na kukifunga kwenye nondo ya dirisha. Mpira ule uliwazuia mbuzi na kuku. Mtu haukumzuia, lakini Adero alikuwa na namna yake ya kupiga fundo, akizungusha mara mbili kwenda kushoto, na akirudi jioni alijua kama kuna aliyefungua. Mara nne alikuta fundo la kawaida. Hakuna kilichoibiwa. Kitanda tu kilikuwa kimekaliwa.

Watoto wake wawili walilala kwa bibi yao, kama watoto wa boma lile walivyolala siku zote, kwa hiyo hapakuwa na wa kumuuliza wala wa kumtia moyo.

* * *

Calvince hakuficha. Alikuwa na wake wawili na nyumba mbili ambazo moshi wake ulionekana mara moja kwa siku, na ile pikipiki ya Okello aliyokuwa amesema anaitunza ilikuwa imeonekana Kombewa ikibeba abiria na kijana mwingine. Lakini alikuwa ndugu wa damu, na zamu ya kumrithi mjane ilikuwa yake. Mwezi wa tano alikuja jioni, akausukuma mlango kwa bega bila neno, jembe likashika. Adero alisikia pumzi yake upande wa pili.

"Shemeji," akasema, akicheka kidogo, "unamfungia nani?"

Kesho yake, mbele ya Rosa, alisema kwamba kuna watu wanaotumia jembe la shamba kulimia usingizi. Rosa hakucheka, wala hakumkemea. Alikuwa mama wa wote wawili, aliyekufa na aliyebaki, na uso wake ulikuwa umechoka kuchagua.

Adero hakuwahi kusema hadharani kwamba hamtaki Calvince. Wazee walipomuuliza alijibu kwamba bado analia, na kwa muda jibu hilo lilitosha, maana hakuna aliyejua kipimo cha kilio. Usiku mmoja wa mwezi wa sita, jembe likiwa limeazimwa tena, sufuria zilianguka. Kulipokucha, alikuta kwenye jivu alilonyunyiza kizingitini nyayo za mabuti ya mpira, mguu mmoja nje na mmoja ndani. Asubuhi hiyohiyo alichukua jiwe na msumari wa inchi nne ili apigilie komeo mwenyewe.

Rosa alitoka jikoni kwake akimwita kabla hajapiga hata mara moja. "Nyar Gem," alisema, yaani binti wa Gem, kwa sababu hivyo ndivyo alivyoitwa tangu siku aliyoolewa hapo. "Weka chini."

Akamweleza bila ukali, kama mtu anayemfundisha mwingine mahali pa kukanyaga. Mjane akigonga nyumba yake mwenyewe, anasema kwamba hakuna mwanamume aliyewahi kuijenga. Anamtoa mwenye nyumba nje. Na mwenye nyumba akishatoka, watoto ni wa nani? Nyumba ya mjane hugongwa na aliyemrithi. Hiyo ndiyo njia ya kuonyesha kwamba amerudi kuwa na mtu. Rosa mwenyewe alirudishwa hivyo, miaka mingi iliyopita, na mtu aliyemgongea paa.

"Ulimtaka?" Adero akauliza.

Rosa alitazama jiwe mkononi mwa Adero. "Mvua ilikuwa inanyesha ndani," akasema.

* * *

Wazo la kumwita Wakhisi lilimjia sokoni Maseno, ambako alipeleka omena kila Jumanne. Wakhisi alikuwa mtu wa Bungoma, mwembamba, mcheshi, aliyetengeneza milango ya nyumba za kupanga za wanafunzi wa chuo. Alinunua omena kwa Adero na kulalamika kila wiki kwamba wanafunzi hupoteza funguo kama wanaozila. Adero aliwaza kwamba mtu asiye Mjaluo hana habari na mambo haya na mambo haya hayana habari naye. Angekuja kama mvua inavyokuja, akafanya kazi, akaenda zake. Halikuwa wazo baya. Ila lilikuwa wazo la mtu aliyekosa usingizi miezi mitano.

Walikubaliana aje Jumamosi, na Ijumaa Adero alipanda kwenda Kisumu kununua kitasa. Katika duka la Kamrudin kijana wa kaunta, Aditya, alimuuliza anataka cha mkono wa kulia au wa kushoto. Adero hakujua kwamba milango ina mikono. Ilibidi asimame katikati ya wateja akifunga macho, akiusukuma mlango wa hewa kama mtu aliyerukwa na akili, ili akumbuke bawaba ziko upande gani. Mwanamke mmoja aliyekuwa akinunua rangi alicheka. Aditya hakucheka. Alimletea kitasa cha kubandika kwa ndani, skrubu nne, funguo tatu, shilingi mia nane na hamsini. Zilikuwa pesa za omena za wiki mbili, lakini alipozitoa mkono wake haukusita.

Wakhisi alifika Jumamosi asubuhi na mfuko wake wa vifaa. Aliutazama mlango, akatazama kile kishimo kwenye saruji, akatazama jembe, na kwa mara ya kwanza tangu Adero amjue hakufanya mzaha. Mlango ulikuwa umepinda. Ilimbidi aung'oe, aupige randa ukingoni, aweke kipande kipya cha ubao pale palipopasuliwa na mtaimbo, kisha auning'inize tena. Aligonga mpaka saa nane. Sauti ilikwenda kila mahali. Wanawake walipita njiani wakielekea kisimani, kisha wakapita tena ingawa mitungi yao bado ilikuwa mitupu.

Alipomaliza, jua lilikuwa kali na jasho limemlowesha mgongo. Adero alikuwa mtoto wa watu. Hangeweza kumwacha mtu aliyefanya kazi mpaka saa hizo aondoke na njaa. Alimpa maji ya kunawa, akampakulia ugali na omena, na kwa kuwa nje hapakuwa na kivuli, akamkaribisha ndani. Wakhisi alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu.

* * *

Mzee Obiero aliwaita Jumatatu. Alikuwa mkubwa wa ukoo, mtu mtulivu, mwenye redio ndogo iliyokuwa ikiongea peke yake muda wote. Wanaume walikaa kwenye viti, Rosa kwenye kigoda, Adero kwenye mkeka.

"Nani aligonga?" Mzee akauliza.

"Fundi, Baba."

"Fundi ana jina?"

"Wakhisi."

"Huyo Wakhisi aliung'oa mlango mzima au alitia kitasa tu?"

"Aliung'oa. Ulikuwa umepinda."

"Akaurudisha."

"Ndiyo."

"Alikula?"

"Alikula, Baba. Alikuwa amefanya kazi tangu asubuhi."

"Alikulia wapi?"

"Mezani."

"Akikalia kiti gani?"

Nyumbani kwa Adero kulikuwa na stuli tatu na kiti kimoja cha mikono, na kila aliyekuwa pale alijua kiti hicho kilikuwa cha nani. Rosa alifunika uso kwa leso yake. Ndani ya redio mtu alikuwa akitangaza bei ya nyanya.

Mzee Obiero hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomchosha Adero zaidi. Alieleza kama anayesoma risiti. Mtu ameng'oa mlango wa Okello, ameurudisha, ameufunga, amenawa, amekula, amekalia kiti cha mwenye nyumba. Kilichobaki ni usiku mmoja. Kwa hiyo mtu huyo aje kabla ya Jumamosi amalize alichoanza, awe ndiye mrithi. Asipokuja, kitasa kitolewe, tuhesabu kwamba hakukuwa na kitu, na Calvince atatia cha kwake. Nyumba haiwezi kukaa nusu imerithiwa. Watoto wataumwa, na atakayelaumiwa ni yeye mzee.

Adero alisema ilikuwa ni kazi tu, na kwamba alimlipa yule mtu shilingi mia tano.

"Ulimlipa?" Calvince akasema, na wanaume wakacheka, hata Mzee. "Shemeji, sasa wewe ndiye uliyemrithi yeye."

* * *

Wiki hiyo mlango ulifungwa kila usiku, lakini Adero aliuona kama kitu cha kuazima. Hakwenda Maseno Jumanne hiyo, wala hakumpigia Wakhisi simu. Angeanzaje? Hata hivyo, habari hazikumhitaji. Zilipanda na wachuuzi wa omena siku ya Jumanne na kufika Maseno kabla ya saa nne, na kufikia Jumatano watu walikuwa wakimsalimia Wakhisi kwa jina la Okello.

Ijumaa alasiri mwanamke mnene, mwenye kilemba cha kanisa na mfuko wa vifaa begani, alishuka kwenye pikipiki mbele ya boma. Alimlipa dereva, akahesabu chenji yake mara mbili, kisha akamwendea Adero aliyekuwa akianika omena uani.

"Mimi ni Naswa. Mke wa fundi."

Adero alimletea stuli. Naswa hakukaa. Alitoa ufunguo kwenye kifundo cha leso yake, akauinua juu.

"Nafua nguo juzi. Nakuta hii kwa mfuko wa suruali. Nauliza, ananiambia aliitumia kujaribu kitasa, akasahau. Sawa. Mwanamume husahau. Lakini kesho yake muuza mboga ananiuliza mwenzangu wa huku Seme anaendeleaje." Sauti yake haikupanda. "Miaka kumi na tisa niko na yule mtu. Hana pesa ya mwanamke wa pili, mimi naijua. Lakini unajua kuamka na kukuta umeshakuwa bibi mkubwa?"

"Hakuna kitu, Mama," Adero akasema. "Naapa."

"Najua hakuna kitu. Ningekuja na kitu kingine si bisibisi." Akaufungua mfuko. "Nimekuja kutoa. Yeye ameogopa kukanyaga hapa. Nitatoa, nitakurudishia pesa yako mia tano, na watu wenu waseme walichosema kimekwisha."

Adero alifikiria kumweleza. Alifikiria kuanza na mtaimbo, au na jembe, au na zile nyayo, na kila mahali alipoanza aliona maneno ni marefu mno. Alikuwa amechoka kuwaeleza watu kuhusu mlango. Akasema tu, "Toa."

Adero alikaa ndani, karibu na mlango. Naswa alijua kazi. Alipiga magoti, akafungua skrubu moja baada ya nyingine, akazipanga kwenye kizingiti. Kitasa kilipotoka, mwanga uliingia kupitia tundu ukakaa sakafuni. Hapo ndipo Naswa, akiwa bado amepiga magoti, alipokiona kile kishimo kwenye saruji. Alikipitishia kidole. Akatazama jembe lililoegemea ukutani, na bapa lake, na mpini uliochubuka mahali pamoja tu. Alivuta stuli akakaa.

Calvince hakungoja Jumamosi. Mtu alikuwa amemwambia kitasa kinatolewa, na alikuja akipitia shambani, mabuti ya mpira miguuni, nyundo mkononi na komeo jipya likiwa bado ndani ya karatasi yake. Aliingia kwa kupenya kati ya wale wanawake wawili, akaweka nyundo mezani, akakaa kwenye kiti cha mikono.

"Asante, Mama," alimwambia Naswa. "Umetusaidia. Mwambie mzee wako hakuna ubaya." Kisha, bila kugeuka, akamwambia Adero, "Shemeji, weka maji ya kuoga jikoni. Nikimaliza hapa nitakuwa na jasho."

Adero aliinuka. Baadaye alijiuliza kwa nini, na hakupata jibu isipokuwa kwamba mtu akingojewa aweke maji miezi mitano, siku moja mwili huinuka wenyewe. Alifika mlangoni.

"Kaa, dada," Naswa akasema.

Alikuwa ameshapiga magoti tena. Alikishika kitasa kwa mkono wa kushoto, akakirudisha mahali pake, na skrubu ya kwanza ilikuwa imezama nusu kabla Calvince hajaelewa.

"Unafanya nini?"

"Nimekosea. Nilitoa vibaya."

"Mama, hiyo si kazi ya mwanamke."

"Kwangu mlango wa jikoni nimefunga mimi. Yule fundi hana nafasi, anafungia watu." Skrubu ya pili. "Toka kidogo kwa mwanga, Bwana."

Calvince alisema, na sasa hakucheka, kwamba mlango wa mjane haufungwi na mwanamke, kwamba jambo hilo halipo. Naswa akamuuliza lina adhabu gani. Calvince akafungua mdomo. Akafikiri. Ilionekana wazi kwamba anatafuta, akipitia kila alichosikia tangu utotoni, na kwamba huko kote hakuna mwanamke wa Bungoma mwenye bisibisi.

"Basi uende ukawaulize wazee," Naswa akasema akikaza ya nne. "Waambie kile cha Wakhisi kimetolewa, wewe ni shahidi, umekuta tundu. Hiki nimefunga mimi, Naswa. Kama kuna wa kumrithi huyu, ni mimi. Mimi sitaki. Nina nyumba yangu ya kufagia."

Alisimama akishika kiuno. Akachukua nyundo na komeo mezani, akamwekea Calvince mikononi taratibu, kama mtu anayempa mgeni zawadi ya kuondokea. Calvince aliangalia uani. Rosa alikuwa amesimama pale karibu na omena, na wajukuu wawili nyuma yake, na hapakuwa na njia ya kumsukuma mke wa mtu mbele ya mama yako. Alitoka. Alipopita, Rosa alisogea kumpisha, hakumwita.

* * *

Naswa alikataa kula. Alisema kwa heshima yake, na kwa usalama wa kila mtu, hatakula, hatanawa, wala hatakalia kiti chochote chenye mikono. Wote wawili walicheka, kicheko kifupi kilichoisha kabla hakijakolea. Aliacha ule ufunguo wa tatu na zile mia tano. Adero alimrudishia mia tano, Naswa akaziacha tena juu ya mtungi, na pikipiki ikaja.

Jioni Mzee Obiero alituma mtu kusema kwamba amesikia, na kwamba atafikiri. Hakusema atafikiri mpaka lini. Adero alijua maana yake: mke wa kwanza wa Calvince hatamsalimia tena kisimani; kipande cha shamba cha upande wa mto, ambacho Okello alilima bila mtu kuuliza, sasa kitaulizwa; na siku mtoto mmoja akipata homa, macho yote yatageukia mlango. Hayo yote yalikuwa njiani, yakija kwa mwendo wake. Aliyapanga kichwani, akayahesabu, akaona kwamba hakuna hata moja litakalofika usiku huo. Akazungusha ufunguo, akalala.

Alilala mpaka jua likapanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika boma lile tangu aolewe. Kilichomwamsha ni mlango. Mtu alikuwa akiusukuma kwa nje, polepole, kwa kiganja, kama anayeingia kwake. Adero aliketi kitandani. Mlango haukutikisika. Mkono ukasukuma tena, kisha ukaacha.

"Nyar Gem," sauti ya Rosa ikasema. "Mlango umekataa."

Adero alimsikia mama mkwe wake amesimama pale nje, na kuku wakizunguka miguuni pake. Alisikia akikohoa. Miaka kumi na mmoja Rosa alikuwa akiingia nyumba hiyo kuchukua chumvi, kiberiti, moto, mtoto, na hakuna siku aliyosimama nje.

Kisha Adero akasikia vidole vikigonga ubao, mara mbili, vyepesi, kama vya mgeni asiyejua kama wenyewe wapo.

"Hodi," Rosa akasema.